Bima ya macho: kati ya likelemba na kilio

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alishinda loteri ya visa akahamia Marekani. Majuzi alinitumia picha ya fomu kutoka kazini kwake, kwenye ghala moja la vifurushi. Wafanyakazi walikuwa wamepewa siku chache wachague bima, na fomu ilikuwa na visanduku vitatu: matibabu, meno, macho. Chini ya picha ikafuata sauti yake: «Mdogo wangu, macho si sehemu ya mwili? Mbona wameyatenga? Nilipe mara mbili kwa mwili mmoja?»

Juma hilohilo jirani yetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, fundi wa kuchomelea vyuma anayefanya kazi kwa mkandarasi wa migodi, alikuja kwangu jioni akiwa amekasirika. Kazini kwao waliambiwa kwamba bima mpya «inalipa macho». Alikwenda kupimwa, akachagua miwani, kisha dukani wakamwambia aongeze dola hamsini. «Kama inalipa, inalipa. Kama hailipi, wasitudanganye.» Aliamini ameibiwa.

Nimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya wafanyakazi, nikipanga mafaili ya matibabu, kwa hiyo maswali ya aina hii huniangukia. Yaya yuko ng'ambo ya bahari na jirani yuko nyuma ya ukuta wetu, lakini kilichowachanganya ni kimoja. Neno «bima ya macho» limebeba vitu viwili visivyofanana hata kidogo, na mpaka uvitenganishe hutajua kama pesa yako inakwenda mahali pa haki.

Bima, au asiransi kama wengi wetu tunavyosema, ni mapatano. Unatoa kiasi kidogo kinachojulikana, kila mwezi au kila mwaka, ili siku ukipatwa na jambo kubwa usilolijua, mfuko wa pamoja ukubebe. Kile kidogo kwenye mikataba yetu ya Kifaransa kinaitwa «prime». Mimi nitakiita mchango.

Hapa Lubumbashi hakuna anayehitaji kufundishwa jambo hilo. Nyumba moja kwenye avenue ikifiwa, kijana anapita mlango kwa mlango na daftari. Kila mtu anaandika jina lake na alichotoa. Hakuna anayejua kilio kijacho kitakuwa kwa nani, na aliyechangia miaka kumi bila kufiwa hasemi kwamba wamekula pesa yake. Anashukuru Mungu kwamba hakuwa yeye. Msiba ni mkubwa, haujulikani siku, na haumpati kila mtu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana michango midogo ya wengi inaweza kuubeba.

Likelemba ni kitu kingine. Akina mama kumi wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, wanaweka kila juma kiasi kilekile, na kila juma mmoja anabeba chungu chote. Zamu inajulikana. Ukimaliza mzunguko, umepokea kile ulichotoa, hakikuzidi wala hakikupungua. Faida ya likelemba ni nidhamu tu: inakulazimisha kuweka pesa ambayo mkononi ingeyeyuka.

Sasa chukua miwani. Anayevaa lunetti anajua kabisa kwamba baada ya miaka miwili au mitatu atahitaji nyingine. Namba itabadilika kidogo, au mguu wa fremu utavunjika, au mtoto mdogo ataikalia. Gharama yake inauma, lakini inajulikana na inarudi. Hiyo ni zamu ya likelemba.

Chukua upande wa pili mtoto wa jicho, ambaye madaktari wetu wanamwita katarakti: lenzi iliyo ndani ya jicho inafanyiza ukungu polepole mpaka mtu anaona kama anatazama kupitia kioo cha bafu. Au glakoma, ambayo wengi wanaiita presha ya macho. Au jicho lililopigwa na kipande cha chuma. Au kisukari kinachokula mishipa midogo ya nyuma ya jicho. Haya hayana zamu. Yanaweza kukukosa maisha yako yote, na yakikupata yanaweza kukuondoa kazini. Hayo ni kilio, na kilio ndicho kinachotaka bima ya kweli.

Kile kinachouzwa kwa jina la bima ya macho, kule kwa yaya na hata katika mistari ya mikataba yetu, karibu chote ni upande wa likelemba: kipimo cha mara kwa mara, fremu, vioo. Upande wa kilio uko katika bima ya kawaida ya matibabu. Ukishika hilo, sehemu kubwa ya fumbo imefunguka.

Na hapo utaelewa pia kwa nini ni vigumu mtu binafsi kuuziwa bima ya miwani peke yake kwa mchango mdogo na malipo makubwa. Jaribu kufungua likelemba ambamo kila anayeingia anataka kubeba chungu juma la kwanza kisha atoke. Itavunjika kabla ya mwezi kwisha. Atakayekimbilia bima ya miwani ni yule ambaye tayari haoni ubao wala namba ya basi. Mwenye macho mazima ataona hana haja. Kwa hiyo kampuni inajikinga. Inauza kwa kundi zima la wafanyakazi, wanaovaa na wasiovaa, au inaweka kikomo kidogo, au inakutaka ungoje miezi kadhaa kabla ya kuomba chochote. Mimi sioni hila hapo. Bila kinga hizo mfuko unakauka.

Kabla sijamjibu yaya, kuna watu watatu ambao tunawachanganya, na kuwachanganya kunaleta hasara. Daktari wa macho ni daktari kamili wa tiba aliyeendelea kusomea macho: anatibu magonjwa, anapasua. Mpima macho anatafuta namba ya vioo vyako na anaweza kugundua dalili za ugonjwa akakutuma kwa daktari. Mwuza miwani, yule wa dukani, anachukua karatasi ya namba na kukukatia vioo vinavyofaa fremu. Mara nyingi wanakaa katika jengo moja, na ndiyo maana mtu anatoka dukani na miwani mpya akiamini kwamba macho yake «yametazamwa». Pengine hakuna aliyetazama nyuma ya jicho lake.

Jibu la yaya

Marekani walitenganisha macho na mwili kwa sababu ya historia. Bima yao ya matibabu ilizaliwa kwenye vitanda vya hospitali. Mwaka 1929 walimu wa Dallas, Texas, walianza kulipa senti 50 kwa mwezi kwa hospitali ya Baylor ili wakiugua walazwe hadi siku 21. Wazo lilikuwa kitanda cha hospitali, yaani kilio. Miwani ilihesabiwa kama bidhaa ya dukani. Kisha mwaka 1955 wapimaji wa macho wa Oakland, California, wakaanzisha mpango wao wenyewe wa michango kwa vipimo na miwani. Mpango huo ndio ulikua ukawa VSP, ambayo leo ni kati ya kampuni kubwa kabisa za aina hiyo. Vitu hivyo viwili havikuwahi kuunganishwa vizuri, na ndiyo maana fomu ya yaya ina visanduku vitatu.

Nilimwambia achukue kalamu tupige hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme kisanduku cha macho kinamkata dola 12 kwa mwezi. Hiyo ni 144 kwa mwaka. Mpango unalipa kipimo kimoja, yeye akiongeza dola 10. Unalipa fremu ya hadi dola 150, na kwa vioo vya kawaida anaongeza 25. Kwa mwaka huo ametoa 179 jumla. Bila bima, tuseme kipimo ni 90 na miwani 160: anatoa 250. Ameokoa dola 71, na hiyo si haba.

Lakini geuza kidogo tu. Akipimwa kwa 90 kisha akanunua miwani ya dola 40 kwenye intaneti, ametoa 130, na bima imemgharimu zaidi ya kukosa bima. Asipovaa miwani kabisa, analipa 144 kwa ajili ya kipimo cha 90. Akipimwa na kubadilisha miwani kila baada ya miaka miwili badala ya kila mwaka, mchango wa mwaka wa pili karibu wote unakwenda bure. Kwa watu watatu wanaovaa miwani katika nyumba moja hesabu inageuka tena upande wa bima. Kwa hiyo jibu la «inafaa au haifai» linatoka kwenye uso wa mtu mwenyewe: anavaa au havai, anabadilisha mara ngapi, anapenda fremu za bei gani.

Nilimwongezea mambo mawili ambayo ndugu zetu wanaofika kule hawaambiwi mapema. La kwanza, sheria ya Marekani inamlazimu aliyekupima akupe karatasi ya namba yako mara kipimo kinapokwisha, bila kulipia karatasi na bila kulazimishwa kununua dukani kwake. Karatasi ni yako. La pili, watoto walioko kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wana haki ya vipimo vya macho na miwani. Yaya alikuwa tayari kuwakatia watoto wake mchango wa pili kwa kitu ambacho wanacho.

Na swali lake la kwanza, macho si sehemu ya mwili? Ni sehemu. Akipata mtoto wa jicho, au kitu kikiingia jichoni akakimbizwa hospitali, kisanduku cha matibabu ndicho kinachofanya kazi, si kile cha macho. Asipochagua macho bado amekingwa. Asipochagua matibabu akabaki na macho peke yake, hana kitu.

Si kila nchi imekata namna hiyo. Ufaransa, tangu Januari 2020, mtu mwenye bima ya taifa pamoja na bima ya nyongeza anaweza kuchagua miwani kutoka kundi ambalo bei zake zimewekewa kikomo, fremu isizidi euro 30, na asilipe kitu mfukoni. Akitaka fremu ya kifahari, anaongeza. Naona hilo ni pendekezo la busara, kwa sababu linamlinda mwenye kuhitaji kuona bila kulipia urembo wa mwingine.

Sisi tuliozoea «Kazi njo baba, njo mama»

Mji huu una kumbukumbu yake ya bima, na kumbukumbu hiyo inatuchanganya hadi leo. Tangu Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906, hadi Gécamines iliyoirithi miaka ya 1960, kampuni ilimtunza mfanyakazi na nyumba yake: posho ya unga, shule, hospitali. Watu hawakuuliza kikomo ni kiasi gani wala nani analipa asilimia ngapi. Ulikwenda hospitali ya kampuni ukiwa mtu wa kampuni. Ndiyo maana wazee wanasema Kazi njo baba, njo mama: kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Kisha miaka ya 1990 kampuni ikaporomoka, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mtu alipoondoka kazini aliondoka pia kwenye hospitali, yeye na mke na watoto, mara nyingi akiwa katika umri uleule ambao macho yanaanza kudai.

Wengi wetu bado tunasikia neno «inalipa» kwa masikio ya enzi hizo. Tunadhani maana yake ni kila kitu. Mkataba wa leo hausemi hivyo.

Leo kuna milango kadhaa. Wa kwanza ni mwajiri. Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inamlazimu mwajiri kumpatia mfanyakazi na familia yake matunzo ya afya wakati wa ugonjwa. Baadhi wanatimiza hilo kwa zahanati yao, wengine kwa mapatano na hospitali fulani, wengine kwa kununua bima ya kundi. Mwombe delege wa sendika, yaani mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, akufungulie vifungu vya afya vya sheria hiyo na mkataba wa pamoja wa kampuni yenu, akusomee vinasemaje kuhusu miwani. Ni haki yako kuvisoma, na ukivijua unaingia ofisini kwa bosi ukiwa na maneno ya sheria mkononi.

Wa pili ni kampuni za bima zenyewe. Kwa miongo mingi nchi nzima ilikuwa na SONAS peke yake, kampuni ya bima ya serikali. Sheria ya bima ya 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua soko, na tangu 2019 kampuni binafsi zimepewa ruhusa chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Ndiyo sababu miaka hii umeanza kusikia wafanyakazi wakizungumza juu ya kadi na kampuni mpya. Wa tatu ni mutuelle, chama cha kusaidiana kwa afya, ambacho kimepewa sheria yake tarehe 8 Februari 2017. Walimu wana ya kwao, MESP. Mutuelle kwa roho yake iko karibu zaidi na daftari la kilio. Kwa kawaida inaanza na yale mazito, kulazwa na kupasuliwa, na miwani inaweza isiwemo. Kabla hujailaumu kwa hilo, fikiria: mfuko mdogo ukianza kununua fremu, siku ya upasuaji utakuwa mtupu.

Na CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii? Wengi wananiuliza, kwa sababu wanaona makato kwenye karatasi ya mshahara. CNSS inashughulikia pensheni, misaada ya familia, na ajali au magonjwa yanayotokana na kazi. Kutoona vizuri kwa sababu ya umri si kazi yake. Lakini jirani yangu mchomeleaji akipigwa jichoni na cheche kazini, hiyo ni ajali ya kazi, na mwajiri anapaswa kuitangaza. Kuna mafundi wanaonyamaza, wanatia matone, wanasema «itapita». Isipopita, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba jicho liliumia kazini. Na kinyago cheusi cha kuchomelea, au miwani ya kukinga cheche, si suala la bima hata kidogo. Ni kifaa cha kazi kama kofia ya chuma, na kukitoa ni juu ya mwajiri.

Dola hamsini za jirani

Turudi kwenye hasira yake. Nilimwomba alete mkataba. Ulikuwa na mstari mmoja tu wa macho, wenye mambo matatu: asilimia 80, kikomo dola 100, kila miezi 24. Miwani aliyochagua ilikuwa dola 150.

Yeye alipiga hesabu hivi: asilimia 80 ya 150 ni 120, basi ningeongeza 30 tu, wamenila 20. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mistari ile miwili haichaguliwi mmoja. Inafuatana. Kwanza asilimia inakuonyesha 120. Kisha kikomo, ambacho mkataba unakiita «plafond», kinasimama mlangoni: hapiti mtu zaidi ya 100. Kampuni inalipa 100, yeye 50. Hakuna aliyemwibia. Kama angechagua miwani ya 90, kampuni ingelipa 72 na yeye 18 tu.

Uchungu wake ulikuwa wa haki kwa upande mwingine: hakuna aliyemweleza kabla. Angejua, angechagua fremu nyingine. Kwa hiyo sasa nawaambia watu waende dukani wakiwa tayari wanajua kikomo chao, na wamwambie mwuzaji tangu mwanzo, «Niko na mia moja, nionyeshe vilivyo chini ya hapo.» Na waulize kama kikomo ni cha mtu mmoja au cha nyumba nzima, maana nimeona baba aliyechukua miwani mwezi wa Januari na mtoto wake wa shule akakosa mwezi wa Septemba.

Mkataba una maneno mengine machache ya kutafuta. «Délai de carence» ni muda wa kungoja baada ya kuingia kabla hujaruhusiwa kudai. «Accord préalable» ni ruhusa unayopaswa kuomba kabla ya kununua. Ukinunua kwanza ukaleta risiti, wanaweza kukataa. «Exclusions» ni orodha ya yasiyolipwa, ambamo mara nyingi utakuta miwani ya jua, lenzi za kuvaa juu ya jicho na upasuaji wa kuondoa haja ya miwani. Na tafuta orodha ya hospitali na maduka waliyopatana nayo, kwa sababu kadi isiyopokelewa mjini kwako ni picha tu.

Kisha fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Acha mstari wa macho, fungua ukurasa wa upasuaji na ukurasa wa dawa. Uliza: mtoto wa jicho analipwa? Matone ya glakoma, ambayo mtu anatia maisha yake yote, yanalipwa kila mwezi au kwa mwaka mmoja tu? Daktari wa macho naona moja kwa moja au nipitie kwanza kwa daktari wa kawaida? Mkataba unaokupa fremu nzuri na kukunyima matone umekupa ganda ukaacha njugu.

Yale yanayosemwa barazani

Miwani inaharibu macho, ukianza huwezi kuacha. Si kweli. Miwani haimzoeshi jicho ulegevu. Unapoivua unaona vibaya kwa sababu sasa umejua kuona vizuri ni nini. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho la kila binadamu inakuwa ngumu, na mtu anaanza kurefusha mkono ili asome simu. Itatokea uvae usivae. Kwa mtoto hatari iko upande wa pili: jicho moja lisipopata picha safi utotoni, ubongo unaanza kulipuuza, na likipuuzwa muda mrefu miwani ya ukubwani haitalirudisha kikamilifu. Mtoto anayesogeza daftari puani au anayeinamisha kichwa apimwe kabla hajaingia shule ya msingi au mara tu anapoingia.

Miwani ya kusomea ya mezani pale barabarani ni sumu. Hapana. Kama macho yako mawili yako sawa na shida yako ni kusoma karibu tu, inakusaidia kusoma. Isichoweza ni kukuambia kama nyuma ya jicho kuna ugonjwa.

Kuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho. Hakuna. Dawa yake ni upasuaji mfupi: lenzi yenye ukungu inatolewa, ya plastiki inawekwa, na mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani siku ileile. Na yale majani, maziwa ya mama au mkojo wanayotia machoni yanaleta vidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho. Nimeona kijana aliyeingia na jicho jekundu akatoka na kovu jeupe. Naomba sana tuache.

Presha ya macho ni presha ile ya damu. Jina limetudanganya. Ni vitu viwili. Mtu mwenye presha ya damu iliyotulia anaweza kuwa na glakoma, na vidonge vya moyo haviwi tiba ya jicho.

Hili la mwisho sisimulii kwa kusikia. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale walioondoka kampuni. Alikuwa anaona mbali vizuri, anasoma Biblia bila shida, na alijivunia hilo. Alianza kugonga miimo ya milango. Tukasema ni uzee. Alipofika kwa daktari wa macho, jicho la kulia lilikuwa limebaki na tundu dogo la kuonea katikati, kama mtu anayetazama kupitia bomba. Glakoma kwa kawaida huanza kwa kula pembeni, bila maumivu, na ilichokula hakirudi. Matone yanazuia tu yasizidi. Watu wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi, na ndugu wa damu wa mgonjwa pia. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana shida ya kuona, na kwa angalau bilioni moja kati yao shida hiyo ingezuilika au bado haijatibiwa. Ninaposoma tarakimu hiyo, namwona baba akipapasa mwimo wa mlango.

Kwa hiyo mtu akiniuliza bima ya macho inafaa, namuuliza kwanza: ni lini mara ya mwisho mtu alipima presha ya macho yako na kutazama nyuma yake? Kama una kisukari, iwe kila mwaka. Kama una ndugu mwenye glakoma, au umepita 40, usingoje dalili. Kipimo hicho ni gharama ndogo kuliko fremu nyingi, na hata asiye na bima yoyote anaweza kukiwekea pesa kidogo kidogo. Miwani nayo iwekee likelemba ya nyumbani: bahasha moja, kila mwezi kiasi kidogo, miezi 24. Mchango wako wa bima uelekeze kwenye kilio, kwenye upasuaji na dawa. Mwajiri akikupa mstari wa miwani juu ya hayo, pokea na uutumie kila zamu yake inapofunguka, kwa sababu usipoudai ndani ya muda wake unafutika.

Yaya alichagua matibabu, akaacha macho, akaweka miadi ya kipimo kwa pesa yake. Mimi na ndugu zangu tuliobaki Lubumbashi tulikwenda kupimwa siku moja, watatu. Wawili tulikuwa salama. Dada yetu mdogo, miaka 38, presha ya macho yake ilikuwa imepanda, na alikuwa hajapoteza kitu bado. Sasa anatia tone moja kila jicho kila jioni. Anafanya kazi katika kampuni yenye bima, na mwezi wa kwanza alinyimwa dawa kwa sababu aliyejaza fomu aliiandika chini ya «optique», mstari wa miwani. Alirudi, akaomba iandikwe chini ya «pharmacie», mstari wa dawa. Ikalipwa.